Mali Iliyotangulia Katazo

Katika masuali ambayo watu huyatolea jawabu upesi kuliko yanavyostahiki, moja ni hili: mtu ana mbao za mti ambao leo umekatazwa kukatwa, lakini mbao zake yeye zilikatwa zamani, kabla ya katazo. Je, ana haki ya kuziuza? Wako wasemao, "Mali ni yake, aiuze apendavyo." Na wako wasemao, "Mti umekatazwa, basi kila kitokacho kwake nacho kimekatazwa." Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yamekimbilia jawabu kabla ya kulisikiliza suali.

Mfano wetu twauchukua Bahati, huko Nakuru. Tumekwenda mbali na pwani makusudi, kwa kuwa mtu huyaona mambo ya watu wengine kwa uwazi zaidi kuliko yake mwenyewe. Baadaye tutarudi kwenye milango yetu.

Bahati iko kaskazini mwa mji wa Nakuru, katika njia iendayo Nyahururu, na juu yake kuna msitu wenye jina hilo hilo. Miti ya asili ya nyanda hizo ni mwerezi, ambao wenyeji wauita mutarakwa, na mzeituni wa mwitu, ambao wauita mutamaiyu. Mwerezi hukua polepole mno. Aupandaye hatarajii kuupasua mbao yeye mwenyewe, labda wajukuu zake. Kiini chake ni chekundu, chanukia, mchwa hawakipendi, na nguzo yake ikichimbiwa ardhini hudumu miaka mingi pasipo kuoza. Kwa sifa hizo ndipo walipoupenda walowezi wa Kizungu walioshika mashamba ya Bonde la Ufa: wakajengea nyua zao, wakaezekea nyumba zao vigae vya mwerezi, na mbao nyingine zikapelekwa ng'ambo kufanyiwa kalamu za risasi. Ndiyo kusema, mti uliomchukua Mola miaka mia kuukuza, mtoto wa shule wa London aliuchonga kwa wembe mpaka ukaisha katika muhula mmoja.

Ilipoonekana kuwa miti ya asili yamalizika, Serikali ya Kenya katika miaka ya 1980 ilizuia kwa amri ya Rais isikatwe katika misitu ya umma. Kisha mwezi wa Februari 2018 likaja katazo pana zaidi, lililozuia ukataji katika misitu yote ya umma na ya jumuiya, hata ya miti ya kupandwa kama misaipresi na misonobari. Katazo hilo likakaa zaidi ya miaka mitano, hata Rais akatangaza kuliondoa akiwa Molo, katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, tarehe 2 Julai 2023. Na tangazo lake nalo likapelekwa mahakamani. Lakini maneno hayo yote ya 2023 yalihusu miti ya kupandwa iliyokomaa. Mwerezi wa msituni haukufunguliwa.

Sasa tuweke mtu wetu. Baba yake alikuwa seremala, na zamani, kabla ya amri zote hizo, alinunua mbao za mwerezi na za mutamaiyu akazipanga chini ya paa la mabati, kila safu na vijiti vyake vya kupitishia hewa, kama wafanyavyo mafundi wajuao kazi. Hakuiba wala hakununua kwa mwizi. Akafa, na mbao zikawa urithi wa wanawe. Leo mafundi wa Nakuru na Nairobi wazitaka kwa bei ambayo marehemu baba yao asingaliisadiki. Wana hao wana karo za shule na wana mama mgonjwa. Je, wauze?

Tuanze na lililo wazi. Mali hii ni yao. Katazo limekuja juu ya tendo la kukata, na tendo hilo lilipofanywa halikuwa kosa. Kumnyang'anya mtu alichokipata kwa njia ya haki, kwa sababu tu njia hiyo baadaye imefungwa, ni dhulma, hata ikifanywa kwa nia njema ya kuokoa msitu. Na sheria yenyewe haikufanya hivyo. Haimfanyi mtu mwizi kwa kuwa ana mbao. Yamtaka aonyeshe zilikotoka, na akizisafirisha awe na hati ya kusafirishia. Hata mkataba mkubwa wa mataifa uliofanywa Washington mwaka 1973, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umeweka mlango kwa mali ya namna hii: kilichopatikana kabla ya masharti yake kukishika hupewa hati ya kushuhudia hivyo, kikapita.

Wako wasioridhika na haya. Wao husema heri mbao hizo zitiwe moto, ili pasiwe na biashara yoyote ya mwerezi, nao huleta ushahidi wa pembe za ndovu. Ni kweli kuwa Kenya ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na tarehe 30 Aprili 2016 ikachoma tani 105 hapo Nairobi. Lakini pembe zile zilikuwa mikononi mwa Serikali, wala hazikuwa urithi wa yatima. Na pembe haina kazi kwa mwanadamu ila pambo. Ubao wa mwerezi ni mlango wa nyumba, ni kitanda, ni sanduku la nguo. Kuuchoma hakuurudishi mti. Ni kuua mara ya pili. Sisi hatuwezi kuuita uharibifu wa mali iliyo safi kuwa ni wema.

Basi ikiwa wana hawa wamiliki kwa haki, na sheria imewaachia mlango, mbona tusiseme wauze, tukanyamaza? Hapa ndipo suali lenyewe lilipo, na hapa ndipo wale wa kundi la kwanza walipopapita kwa haraka.

Lazima kwanza tujue jambo moja la asili ya mbao. Ukitaka kujua mti ulikatwa lini, watazama pete yake ya mwisho, ile iliyo chini ya gome. Hiyo ndiyo tarehe ya kifo chake. Lakini mpasuaji jambo la kwanza alifanyalo ni kuliondoa gome na ule ubao mweupe ulio karibu nalo, abakishe kiini. Na kiini cha mwerezi uliokatwa jana usiku chaweza kuwa na umri wa miaka mia mbili. Wataalamu waweza kuipima kaboni iliyo ndani ya ubao wakaambiwa umri wa ule ubao, nao wasiwe wamejua kitu juu ya siku ya shoka. Rangi nayo yaeleza kidogo tu: mwerezi uliokaa wazi hugeuka kijivu, lakini upitishe randa mara mbili utakuta wekundu ule ule na harufu ile ile. Ubao wa baba na ubao wa mwizi vikisha kupigwa randa na kuwekwa pamoja, hapana jicho la afisa wala la fundi litakalovitenga.

Maana yake ni kuwa ushahidi wa mti umeondolewa pamoja na gome lake, na uliobaki ni ushahidi wa mtu. Yule auzaye mbao za zamani hauzi mbao peke yake. Auza pamoja nazo neno lake, kwamba hizi zilikatwa wakati wa halali. Neno hilo ndilo linalozipa bei, kwa kuwa bila ya neno hilo hapana mnunuzi mwaminifu atakayezigusa. Na neno, tofauti na ubao, halipungui kwa kutumiwa. Mbao 40 zikiuzwa, zimekwisha. Lakini karatasi isemayo "mbao za zamani za fulani wa Bahati" yaweza kuchukua 40 leo, na 40 nyingine kesho, na lori zima keshokutwa, ikiwa mwenye neno hakujali lilikokwenda.

Hatusemi jambo la kubuni. Tutazame Bukini, yaani Madagaska, kisiwa ambacho majahazi yetu yamekijua tangu zamani. Huko kuna miti ya mbao nyekundu na ya mbao za zambarau, ndugu khalisi wa mpingo wetu, yenye kutakiwa mno na matajiri wa Uchina kwa viti na vitanda vya fahari. Mwaka 2009 serikali ilipopinduliwa, watu wakaingia katika hifadhi za Masoala na Marojejy wakakata bila ya kiasi. Mwaka 2010 kusafirisha magogo kukakatazwa, na mwaka 2013 miti hiyo ikaingizwa katika orodha ya mkataba wa Washington. Kukabaki magogo mengi yaliyokwisha kukatwa, mengine yamefukiwa, mengine yamezamishwa mitoni. Kila mwenye magogo akasema: haya yangu ni ya zamani. Serikali ya huko ikaomba miaka na miaka iruhusiwe kuuza akiba hiyo, na wasimamizi wa mkataba wakasema: hesabuni kwanza, mtuonyeshe ni mangapi na ya nani. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Huku nyuma magogo yakaendelea kutoka. Mwaka 2014 makontena yake yalizuiliwa hapa hapa katika bandari ya Mombasa, na mwaka huo huo magogo 29,434 yakazuiliwa Singapore, yakiwa na karatasi zilizotoka Bukini. Kesi ya Singapore ikapanda na kushuka mpaka mwaka 2019, na mahakama ya rufani ikamwachilia mwenye mali, kwa kuwa iliona magogo yalikuwa yapita tu bandarini wala hayakuingizwa nchini.

Basi mahakama imesema lake, nasi hatuna neno juu ya hukumu yake. Lakini je, kuna mtu mwenye akili atakayedhani kuwa hukumu ile ilikuwa ni jawabu la suali letu? Mahakama iliulizwa kama magogo yameingia nchini au la. Haikuulizwa kama mtu aweza kulala usingizi juu yake.

Turudi kwa wana wa Bahati. Kipimo tunachokiona sisi ni chepesi, hata mtoto aweza kukifahamu: akiba ya zamani lazima ipungue. Mwenye akiba ya kweli huijua kwa hesabu, akiuza, hufuta, na siku moja hufika mwisho. Akiba ambayo kila mwaka yauzwa na kila mwaka ingalipo si ya zamani tena, hata kama ubao mmoja au miwili ya chini yake ni ya marehemu baba kweli. Kwa hivyo twasema wauze, lakini kabla ya kuuza ubao wa kwanza wahesabu zote. Wapime urefu, upana na unene wa kila mmoja, waandike katika daftari, wautie alama isiyofutika kwa randa, kichwani mwa ubao. Wamwite afisa wa misitu aje aone na atie mkono wake, wao wakimwita yeye kabla yeye hajawajia wao. Kila mnunuzi apewe stakabadhi yenye idadi na vipimo, si karatasi ya maneno ya jumla. Na wasinunue mwerezi mwingine kutoka kwa yeyote na kuuweka katika ghala ile ile, hata kama huo mwingine nao ni wa halali, kwa kuwa vikichanganyika hawatakuwa tena na neno la kulitoa kwa yakini.

Huenda mtu akatuambia: mwawatwika wauzaji mzigo ambao sheria haikuwatwika. Kweli, sheria yataka hati, nayo hati hupatikana. Na katika nchi hii, sote twajua, hati nyingine hupatikana upesi zaidi ukiwa na bahasha mkononi. Lakini tufikiri bei ile imetoka wapi. Mwerezi wa baba yao haukuongezeka ubora kwa kukaa chini ya mabati. Ulipanda bei kwa sababu watu wengine wameacha kukata. Mama wa Bahati aendaye msituni na kamba yake, akaokota kuni zilizoanguka na kuuacha mti uliosimama. Kijana asiye na kazi anayejua kutumia msumeno na asiutumie. Mwenye kiwanda cha mbao aliyefunga milango mwaka 2018 akawaachisha kazi watu wake: hawa ndio waliozitia thamani mbao za ghalani, kila mmoja kwa kujinyima kwake. Faida ya wana wa seremala ni halali. Hatusemi kuwa ni ulanguzi, kwa kuwa hakuna afaye njaa kwa kukosa mwerezi. Lakini ni faida iliyojengwa juu ya utiifu wa majirani. Mwenye kuila, kisha akaliacha neno lake litumiwe kuwafunika wavunjao katazo, amewaibia wale waliojinyima, nao ni maskini kuliko yeye. Mzigo wa daftari ni mdogo mno ukipimwa na huo.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo twalisema kwa huzuni. Aghalabu ya mali za namna hii ni urithi, na aghalabu ya warithi hawana karatasi. Mchwa hawali mwerezi, lakini hula stakabadhi zake. Baba alinunua kwa mdomo, au kwa kipande cha karatasi kilichopotea miaka 40 iliyopita, na leo mjane aambiwa athibitishe. Mwizi wa msitu, kwa upande wake, huwa na karatasi safi kabisa, kwa kuwa alijua tangu mwanzo kuwa atazihitaji. Sheria ya karatasi humpendelea mwenye hila juu ya mwenye haki, na hili ni aibu ambayo wenye kutunga sheria hawajaitafutia dawa. Sisi twaona mjane kama huyu asikilizwe kwa mashahidi: mafundi waliofanya kazi na marehemu, wazee wa kijiji waliokuwa wakiiona ghala ile kila siku. Mtu wa Bahati aliyeona safu zile za mbao tangu utotoni mwake ni ushahidi wenye nguvu kuliko muhuri. Na akikataliwa baada ya hayo, mbao zikae nyumbani mwake, azifanyie milango na vitanda vya wanawe. Lakini asinunue karatasi ya uwongo kwa mali iliyo ya kweli. Akifanya hivyo amezitia najisi mbao ambazo hazikuwa nayo.

Sasa na sisi wa pwani. Mbao zetu za fahari ni mbambakofi, mninga na mkangazi. Mbambakofi ulikuwa mwingi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na leo mti mkubwa wa mbao ni wa kutafutwa. Katika mkutano wa Panama wa Novemba 2022 miti yote mitatu, pamoja na jamaa zake wa Afrika nzima, iliingizwa katika orodha ya mkataba ule ule wa Washington, na sharti likaanza Februari 2023. Sharti hilo halimzuii fundi wa Mombasa kumuuzia mtu wa Malindi. Lashika kinachovuka mipaka. Basi mwenye mbao za mbambakofi zilizokatwa kabla ya hapo, akitaka kuzipeleka Dubai au Maskati, yuko katika hali ile ile ya wana wa Bahati, na daftari tuliyoitaja yamhusu yeye neno kwa neno.

Lakini kwetu kuna hila ya kwetu. Mkataba huo umetaja magogo na mbao. Haukutaja kila kilichokwisha kuundwa. Kwa hivyo mtu huweza kupiga misumari mbao nne za mbambakofi akaziita mlango, zikivuka bahari akaing'oa misumari. Na kuna hila iliyo mbaya kuliko hiyo. Mlango wa kale wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa hauruhusiwi kutoka nchini bila ya idhini, kwa sheria ya turathi ya mwaka 2006. Lakini boriti na mbao za nyumba iliyobomoka hakuna azihesabuye. Basi nyumba ikawa na thamani zaidi ikianguka kuliko ikisimama. Warithi kumi wanaogombana juu ya nyumba ya babu yao, akaja mtu akawaambia atanunua "mbao za zamani" tu, huona kuwa amewaletea suluhu. Mbao hizo ni za zamani kweli, hapana shaka. Mti wake ulikatwa kabla ya mkataba wowote, na mwenye kuziuza ni mwenyewe. Kila hati itakuwa safi. Nasi hatuna sheria ya kumzuia, wala hatumwiti mwizi.

Twamtaka tu, kabla ya kupandisha ngazi, ahesabu boriti zote za dari moja moja, aandike, awasomee wale kumi kwa sauti, pamoja na jina la babu aliyezipandisha.